Bado Kidogo

Veikko ameikata ekzosi ya kiwandani
kwa msumeno wa chuma, gerejini, chini ya fleti yetu,
Oulu, theluji ikiwa imeziba nusu ya dirisha.
"Inakohoa kama karani," anasema.
Mimi nimeshika tochi. Nimeishika tangu saa kumi.

Tundu la kwanza: nyuki ndani ya debe.
La pili: mlango wa bati.
La tatu, na Bibi Kerttu huko juu
anagonga sakafu kwa fimbo.

Anachomelea. Anapooza. Anawasha, anazima,
anainama kwenye moshi, sikio mbele,
kama mtu anayesengenywa chumba cha pili.
"Bado," ananiambia. "Bado kidogo."

Nilidhani anatafuta ngurumo.
Kumbe ni pikipiki ya kijani ya babake,
ikitoka zamu ya usiku kiwanda cha karatasi:
mtoto aliisikia ingali darajani
akalala kabla haijafika.

Saa tatu na robo anapunguza tundu moja,
anasokota pamba ya chuma, anaisukuma kwa kidole.
Anapiga kiki.
Du. Du-du. Du.

Fimbo ya juu imetulia.
Veikko hasemi neno,
mikono ina masizi hadi viwikoni.
Anapiga mwayo.