Karibu Zaidi

Sabaki imeshuka tangu juzi,
maji ya Malindi yamegeuka chai ya maziwa,
na wageni waliolipia kuona kasa
wamebaki juu ya mashua ya Kenga, wanadai pesa zao.
Kenga ananitazama nikifunga mkanda wa risasi.
"Na wewe, Mwanatenga, unafuata nini
hata mkono wako hutauona?"

Sina haja na mkono wangu.
Leo nimebeba lenzi ya makro,
jicho lisilojua upeo,
linalotaka kitu kikae shubiri moja, nusu shubiri,
pua kwa pua.
Tope halipati nafasi ya kupita katikati yetu.

Mita tisa.
Jongoo wa bahari amelala mchangani
kama soksi iliyosahauliwa uvunguni.
Watu humpita. Mimi nilimpita miaka.
Leo nimelala kwa viwiko ubavuni mwake, nasubiri,
mpaka doa moja jekundu mgongoni pake
likanyanyua mguu.

Uduvi.
Hafikii punje ya mchele,
makucha kayatia zambarau,
ameketi juu ya jongoo
kama mwenye nyumba kibarazani.

Sasa kazi.
Maji yananivuta, yananirudisha,
na palipo wazi mbele ya lenzi
ni pembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu:
nikipata jicho, masharubu yanayeyuka,
nikipata masharubu, jicho ni ukungu.
Sizungushi kitu. Nasogea mwenyewe,
unywele mbele,
unywele nyuma.

"Usipumue," alikuwa akisema babangu,
Fundi Lali wa saa, dukani kwake nyuma ya soko la zamani,
kikombe cheusi cha lenzi kakibana jichoni.
"Gurudumu hili likipeperuka
tutalitafuta mpaka Idi."
Nilikuwa na miaka saba, kidevu mezani.
Niliamini muda huzaliwa humo ndani
na babangu ndiye mkunga.

Huku chini kubana pumzi ni kosa, mapafu hupasuka.
Basi naiachia nyembamba, uzi,
nabonyeza kati ya povu na povu.
Flashi. Jicho limekosa.
Flashi. Mkia mtupu.
Flashi.
Nyuma yangu kitu kikubwa kimepita, kimepunguza mwanga.
Sikugeuka.
(Kenga ataapa alikuwa kasa, yule yule wa wageni,
aliyetoa kichwa ubavuni mwa mashua
wote walipokuwa wakigombania risiti.)

Picha arobaini na moja. Thelathini na tisa za kutupa.

Usiku, nyumbani Shela, Shela ya huku, si ile ya Lamu,
namfungulia baba kompyuta.
Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho,
la kulia linaona pembeni tu.
Miwani anaikataa. Anakiulizia kile kikombe.
Nakitoa kwenye kopo la misumari, anakipachika,
anakisogelea kioo, karibu, karibu zaidi,
mpaka pua inaacha alama ya jasho.

"Hizi nukta tumboni mwake?"
Mayai, baba.
"Yana macho."

Mimi sikuyaona. Si chini ya maji, si hapa.
Nakuza: kila yai na nukta zake mbili nyeusi,
mayai mia mbili hivi,
yote yanatutazama.

"Mimi mtoto wa jicho ni mmoja," anasema,
"mwenzangu anao mia mbili!"
Akacheka hata kikombe kikamdondoka,
kikabingirika chini ya kabati.
Tukapiga magoti wote wawili, mashavu sakafuni,
mimi na tochi, yeye na vidole.

Hadi sasa tumepata kifungo cha shati,
kokwa ya tende,
na gurudumu moja dogo la saa
la mwaka gani, hata yeye hajui.
Kikombe bado.