Matone Kumi na Manane

Umeme umekatika tangu saa nne.
Gesi inapita chini ya miguu yetu kwenda kuwaka mbali,
nami nimekumbatia deli la barafu kama mtoto mwenye homa,
kwa sababu ndani yake mna kichupa
kisichozidi kidole changu cha mwisho,
na ndani ya kichupa, matone kumi na tisa.

Kingamwili ya ukoo mmoja. Panya mmoja,
bandama lake, seli moja iliyoozwa kwa seli ya saratani
ili isijue kufa. Wakazaa, wakazaa,
watoto wote sura moja,
wote wanajua mlango mmoja tu wa kubisha.
Kwetu Mahuta panya huchomwa, hutiwa chumvi, huuzwa kwa mafungu.
Nilipomwambia mama yupo panya wa kutambua magonjwa
aliuliza: "Na nyama yake mnampa nani?"

Saa sita umeme ukarudi. Nikaanza.

Kipande cha titi la Somoe Likwata, wa Tandahimba,
kimelala ndani ya nta wiki ya tatu.
Nikakikata; utando wa kitunguu mbele yake ni godoro.
Nikakitoa nta, nikakichemsha
kwenye sufuria ya presha, ya maharage kabisa,
niliyoinunua sokoni kwa pesa yangu
na kuiandika MAABARA kwa rangi ya kucha
mtu asije akaibeba.
Kisha tone moja.
Kisha kusubiri.

Ninayemtafuta anaitwa pe-hamsini-na-tatu.
Ni mlinzi. Hukaa ndani ya kiini cha seli,
husoma urithi herufi kwa herufi;
akikuta ufa husema: simama, ziba kwanza.
Lisilozibika huliambia: kufa,
nalo hufa bila matanga.
Akiwa mzima haonekani. Akimaliza zamu huvunjwavunjwa,
dakika chache tu, hata kivuli hakiachi
cha kushikwa na rangi yangu.
Anayeonekana ni aliyeharibika:
kazi hafanyi, kuondoka haondoki.

Baba alilinda ghala la korosho miaka kumi na moja,
wakulima wakamwita "wewe wa getini".
Msimu mmoja, yeye kalazwa na nimonia,
tulipita pale alfajiri ya kumpelekea uji
tukakuta walinzi tisa langoni,
tochi zinawaka na jua limeshatoka,
kila mmoja anaeleza.
Nilipomsimulia, baba hakuuliza kitu.
"Yametoka magunia," akasema, akaomba chumvi.

Nikaosha. Nikatia ya pili, nikatia rangi.
Chini ya lenzi:
kahawia.
Viini vinane katika kila kumi, kahawia nzito,
wamejaa langoni.
(Mara nyingine hakuna rangi kabisa, na hilo nalo si amani;
huenda mlinzi amefutwa hata kwenye daftari.)
Kipande cha pembeni, ambacho sikukitia kingamwili,
kilikuwa bluu tupu. Nilikitazama zaidi ya nilivyohitaji.

Nikakumbuka vidole vya Somoe siku aliyokuja:
kahawia mpaka kwenye kucha, mafuta ya ganda,
miaka ya kubangua bila glovu.
Sisemi lile limeleta hili. Sijui.
Nasema tu rangi ilikuwa moja,
na kwamba alivificha chini ya kanga
alipoona natazama.

Kwenye fomu nikaandika: chanya.
Neno zuri kwingine kote.

Daktari atajua la kufanya nalo.
Mimi nimerudisha kichupa kwenye barafu,
nimekata kumi na tisa kwenye kibandiko,
nimeandika kumi na manane.
Mezani kuna nta ya mtu wa Nachingwea,
na nyingine ambayo karatasi yake imelowa,
jina halisomeki vizuri: Esha, au Asha.
Lazima nipige simu kuuliza.