Zamu ya Saa Tisa

Malori ya Holili yakishapita ndipo tunaanza.
Mchana meza hii hutetemeka hata mtu akikohoa uani,
ingawa Ndewario ameiweka juu ya mipira minne ya bajaji
na kuibebesha jiwe la kaburi lililokosewa jina,
alilouziwa kwa bei ya soda na mchonga mawe wa Majengo.
Ukilala chali chini ya meza utasoma: MPENDWA WETU ELIFURAA.
Herufi moja imezidi. Jiwe zima likakataliwa.

Tumeizungushia waya wa banda la kuku.
Ndani, badala ya tetea,
hadubini, kisahani, tone la maji ya chumvi,
na seli moja ya konokono niliyemwokota
migombani kwetu Kibosho, umande ukiwa bado mwingi.
(Mama aliuliza: Na huyu naye anaumwa nini?)

Kioo nakivuta mwenyewe.
Moto unakilegeza katikati
kama shingo ya mtu anayesinzia kanisani;
kinarefuka, kinakatika,
na pale kilipokatika pana tundu
ambalo unywele mbele yake ni gogo.

Naishusha ncha. Vidole havijui kama vinasogea,
skrini ndiyo inayojua.
Ikigusa utando, mstari unajikunyata.
Hapo natia mpira mdomoni, nafyonza
kidogo, kama anayeonja uji wa mgonjwa.
Ukizidisha, imepasuka. Ukipunguza, imeponyoka.
Jana zilipasuka kumi na tisa.
Ndewario alizihesabu kwa njiti za kiberiti,
akazipanga kwenye gamba tupu, hakusema neno.
Leo ameongeza sita.

Ya saba imeshika.
Kioo na utando vimebanana hata chumvi haipati upenyo.
Lakini mstari umeota manyoya:
ni friji la chumba cha pili, ni taa za barabarani,
ni Moshi nzima inayovuma ndani ya nyaya,
mara hamsini kila sekunde,
na mlango ninaoutafuta hupitisha mkondo
ambao tochi ya simu ingehitaji mabilioni yake ili iwake.

Kisha umeme ukakatika.

Ndewario akatukana kwa Kipare, lugha ya mama yake.
Friji likakohoa, likanyamaza.
Kifaa chetu hunywa betri mbili za lori; hakikushtuka.
Na mstari ukalala,
ukalala kama maji ya ndoo iliyosahauliwa.

Halafu, ngazi.
Juu. Kimya. Chini.
Juu, chini. Juu
Mlango mmoja, wa protini moja,
unafunguka, unafungwa, haumsubiri mtu.
Hauna nusu. Haukufundishwa nusu.

Nilikuwa na miaka tisa, zamu yetu ya mfongo ilikuwa saa tisa usiku.
Mama aliondoa magome ya mgomba na udongo ulioziba,
maji yakaingia kwetu yakinong'ona kama watu wenye siri,
naye akaketi juu ya mpini wa jembe, akihesabu.
Saa moja, si zaidi. Akaziba kwa mikono,
akashindilia kwa kisigino,
maji yakaenda kwa mama Kileo
ambaye mwaka ule hatukusalimiana naye.
Nikamwambia, tuache wazi kidogo tu, nani ataona?
Akasema: Shika taa vizuri.

"Umepata?" Ndewario anauliza gizani.
Mpira bado uko mdomoni, siwezi kujibu.
Nanyoosha kidole kwenye skrini
na kidole changu kinapanda na kushuka pamoja nao.

Ananyamaza kwa muda mrefu.
Kisha nasikia anapapasa kiberiti.
Njiti ya ishirini na sita hakuiweka na wenzake:
aliiwasha, akaangalia saa, akaandika.