Bugaluu ya Aikande

Fundi Kiwelu alilipwa mikungu minne ya mshare
akashona suruali ya rangi ya haradali,
chini pana kiasi cha kufagia baraza.
Aikande akaifunika kwa khanga mbili,
akashuka kutoka Kibosho kwa miguu,
raizoni kikapuni, chini ya magimbi.

Njiani vijana wa chama na chupa yao ya soda:
isipopita pajani, mkasi unapita.
"Unakwenda wapi, dada?"
"Sokoni."
Magimbi yakamtolea ushahidi.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, mbeba chanuo.
Ukumbini, Majengo, nilimwona akifungua khanga
polepole, kama anayemenya ndizi ya moto,
akapanda raizoni, akampita mpiga besi kwa urefu.
Gitaa la solo likamwita.
Hakuitika upesi.
Alivuta pumzi, nywele zimejaa taa,
kisha sauti ikatoka nzito, ya kifuani,
na akina mama waliokuja kumsengenya
wakasahau walichokuja nacho.

Alipoolewa, mguu wa kushoto wa suruali
ukawa sketi ya Krismasi ya mwanawe wa kwanza.
Wa kulia, foronya.
Hakuna aliyemuuliza.

Leo anaimba sauti ya pili kwaya ya usharika,
kitambaa kichwani, viatu bapa.
Ila likifika pambio la mwisho
kisigino chake huinuka chenyewe,
inchi nne,
kikasimama hewani
kikingoja gitaa.