Mistari Miwili

Kidato cha Tatu B, Tukuyu, mwezi wa Machi.
Mvua imeshika bati tangu saa mbili
nami nafundisha kwa kupiga kelele.

Subilaga kaandika, kwa Kiingereza chake, kwamba mvua ina nguvu.
Miaka kumi na tisa kalamu yangu nyekundu imejua la kufanya:
mkasi mmoja, basi.
Kwa Waingereza, nikasema, mvua ni nzito.
Chai ndiyo yenye nguvu.
"Kwa nini, madamu?"

Mimi nilipouliza hivyo nilijibiwa: Ndivyo ilivyo. Andika.

Safari hii nikafungua kompyuta ya shule
nikaingia kwenye ghala la maneno,
magazeti, barua, hotuba, porojo za watu nisiowajua,
sentensi milioni kadhaa zimetundikwa kama mahindi darini.
Nikaandika mvua kwa lugha yao. Kitufe cha herufi ya mwisho kimeng'oka;
nikakidunga kwa ncha ya ile kalamu.

Mistari ikashuka.
Neno letu katikati, limejipanga wima,
mengine yamesongamana kulia na kushoto.
"Shamba la chai!" akapayuka Gwamaka,
ambaye mama yake anachuma Katumba,
na kweli, neno lile ndilo njia apitayo mchumaji na kapu.

Tukachuma. Watoto hamsini na wanane, skrini moja,
wa mbele wakiwasomea wa nyuma,
vijiti ubaoni, tano tano.
Nzito: mia nne na kumi na mbili.
Yenye nguvu: miwili.

Nikashusha pumzi. Nilikuwa sahihi, tena kwa ushahidi.
Subilaga bado kasimama.
"Hao wawili, madamu, walinyeshewa wapi?"

Darasa likaangua kicheko.
Nikairudia mistari ile,
mmoja umekatwa kichwa, mwingine mkia,
hausemi mji, hausemi mwaka.
Kisha umeme ukakatika
tukabaki na mvua yenyewe,
inashuka kutoka Rungwe bila kuuliza inaitwaje.

Usiku, kwa taa ya chaji, daftari lake liko mbele yangu.
Mtihani wa taifa utamkata alama, hilo nalijua.
Kwa hiyo nimeandika pembeni, kwa penseli:
*Wengi husema nzito. Shika usemi wa wengi.*

Mkasi sikuchora.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo labda hataziona:
*Sasa mko watatu.*