Msailiwa wa Tisa

Leo nimeichukua kwa fundi wa kubandi, jirani na stendi ya Moshi:
jalada la bluu, herufi za dhahabu,
kurasa themanini na mbili, bado zina joto la mashine.
Dakta Mrutu aliirudisha mara tano:
"Toa hisia. Weka jedwali."
Nikatoa. Nikaweka.

Matokeo yalibandikwa Ijumaa.
Daraja la pili, la juu.
La kwanza limenipita kwa nukta moja,
nimeihesabu usiku kucha kama deni la duka.

Nimepanda Kibosho na mvua njia nzima,
tasnifu ndani ya sweta, kama kitoto.
Bibi alikuwa anachagua buni kwenye ungo.
Akajifuta mikono. "Mimi niko wapi humu?"

Nikamfungulia ukurasa wa arobaini na moja:
*Msailiwa wa 9, mwanamke, miaka 78,
anaeleza kwamba malipo ya pili hayakufika.*

"Msailiwa," akasema, akilionja neno
kama mbege ambayo haijaiva.
"Na jina langu?"

Nikamweleza usiri, maadili ya utafiti,
ile fomu aliyotia dole gumba.
"Dole langu. Kahawa yangu. Deni langu.
Jina tu ndilo la kufichwa?"

Sikuwa na jedwali la kumjibu.

Kwenye shukrani, chini ya Mungu na Dakta,
palibaki nafasi ya vidole viwili.
Nikaandika kwa kalamu:
Ndeanasia Eliakimu Mlay,
kilo mia tatu na kumi, msimu wa tisini na nane,
bado anadai.

Nakala ya maktaba haina mstari huo.