Taruma la Saba

Mvua ya Chiloé haipigi hodi.
Imo bandani tangu Jumatatu,
imejikalia juu ya mabati, na sisi chini yake
tunachemsha pipa.

Bomba la mvuke ni mfereji wa zinki,
kinywa chake kimezibwa kwa gunia.
Ndani, vipande kumi na viwili vya ulmo
vinaiva taratibu kama viazi:
saa moja kwa kila inchi ya unene,
alisema marehemu baba mkwe,
na hakuacha wasia mwingine.

Mimi ni Otilia. Yule ng'ambo ya mashua
ni Fidencio, shemeji yangu.
Kati yetu upo mkuku wa sipresi, futi kumi na nne,
na ipo senyenge aliyoisogeza hatua tatu
ndani ya shamba langu la viazi,
mwaka juzi, mwezi wa nane.
Tangu hapo salamu zetu hulala njaa.

Fashini niliichonga peke yangu. Hiyo yawezekana.
Unapaka chaki kwenye mkuku, unaikalisha, unaiinua,
unatazama chaki imegusa wapi,
unakwangua hapo kwa patasi, wembamba wa kucha,
unarudi tena. Mara ishirini. Mara thelathini.
Mbao haifichi:
huonyesha kwa doa jeupe mahali inapobanwa.
Laiti na watu wangepakwa chaki.

Lakini taruma halipindwi na mtu mmoja.
Nilijaribu. Kiganja changu kina ushahidi.
Jiriwa nne, kamba, goti, hata meno;
mti ukanitazama, ukapoa, ukanyooka.
Ndipo nikamtuma mtoto kwake na neno moja: Njoo.
Akaja na glavu zake. Mate nilimmiminia, hakunywa.

Sekunde arobaini, basi,
tangu gunia litolewe
hadi ukaidi uurudie mti.
Samaki mkunje angali mbichi;
ulmo, ungali ukitoka jasho.

Vuta.
Shika.
Bana hapo.
Si hapo. Chini. Hapo.

Maneno ya kazi hayana nafasi ya kubeba kinyongo.
La kwanza likalala.
La pili likalia kidogo, likalala.
La sita lilikaa vizuri mno
hata nikasahau, nikamwangalia usoni.

La saba lilikuwa na fundo.
Nililiona asubuhi, dogo kama jicho la kuku,
nikanyamaza, kwa kuwa vipande vilikuwa vya kuhesabu.
Naye aliliona alipolishika,
akanyamaza, kwa kuwa hatusemezani.
Likavunjika pale pale, katikati ya mkunjo,
kwa mlio wa mfupa,
na mvuke ukatoka ufani kama pumzi ya mtu.

Kila mmoja alibaki na nusu yake mkononi.

"Nililiona lile fundo," akasema.
"Hata mimi."

Mvua ikaendelea na yake.
Akatoka. Nikadhani ndiyo basi,
nikaanza kuzima moto.
Maji yalikuwa yamekupwa, matope matupu hadi kwenye maboya,
nikamwona akirudi kwa njia ya mkato, ameloa chapachapa,
kipande cha ulmo begani,
kile alichokikausha miaka miwili kwa ajili ya makasia yake.

"Kikavu mno," nikamwambia. "Kitakataa."
"Kiloweke. Kesho."
Akakipitisha kidole toka ncha hadi ncha
akitafuta fundo, kwa sauti safari hii:
"Hapa hakuna. Hapa hakuna. Hapa, subiri... hakuna."

Senyenge iko pale pale. Nimeipima jioni hii
nikienda kuchota maji: hatua tatu kamili.
Mataruma sita yamebaki, kisha mbao za ubavu,
kisha kalafati ya magome ya alerse,
na hiyo nayo si kazi ya mkono mmoja.

Amesahau glavu zake juu ya jiko.
Nimezigeuza, zikauke upande wa pili.